Ghorofa ya Kumi na Saba kwa Hesabu ya Mianzi

Wanaokuja kutupiga picha wote huanza vilevile. Wanapita kile kichochoro kati ya duka la dawa na duka la nguruwe wa kuchoma, wanafika katikati ya ua, wanasimama, halafu wanainua shingo kama kuku anayekunywa maji. Mdomo wazi. Huko juu kuna nini? Madirisha. Madirisha, mabomba, viyoyozi vinavyodondosha maji, na suruali za watu. Nimeishi kwenye majengo haya ya Ming Sau miaka arobaini na moja na sijaona bado kitu cha kumfanya mtu mzima abaki mdomo wazi namna ile.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko chini ya ngazi ya Jengo B, hapo hapo uani, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, naweka mikanda ya mabegi. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni wao wako kwenye njia yangu na mimi niko kwenye picha zao. Wameshanipiga nikila, nikipiga miayo, nikijikuna. Siku moja mteja akaniletea simu yake nijione: nimejikunja, mdomo umejaa tambi, na chini yake watu elfu tatu wamependa. Nikabandika kibao mlangoni: USIPIGE PICHA, HAPA WANAISHI WATU. Wakakipiga picha kibao.

Basi ilikuwa Septemba, na kimbunga kilikuwa njiani. Redio ilisema ishara namba tatu imeshapandishwa, na kabla ya jioni itakuwa nane. Ikifika nane, Hong Kong nzima inaacha kazi. Maduka yanashusha milango, mabasi yanaingia gereji, kila mtu anakwenda kwake na kufunga madirisha. Kwa hiyo tangu saa sita mchana ua wetu haukuwa na utulivu. Watu walikuwa wanabeba mikate na mboga kama wanaohama, akina mama wanavuta nguo madirishani kwa miti mirefu, ndoo inaanguka huku, mtu anatukanwa kule. Upepo ulikuwa unakuja, unanyamaza, unakuja tena. Nilikuwa na zipu nne za kumaliza na roho yangu haikai.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake kando ya cherehani. Mzee Ngai Sui, miaka themanini na mmoja. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa fundi wa majukwaa ya mianzi, yale yanayofungwa nje ya jengo ili wapaka rangi na waashi wapate pa kusimama. Alikuwa akipanda kuta kama ngazi za nyumbani kwake, hana hata kamba kiunoni. Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Jina langu lilimtoka mwezi wa pili. Siku nyingine nilikuwa "dada", siku nyingine nilikuwa mke wa msimamizi wake, mtu aliyekufa kabla sijaolewa na kabla sijaachika. Ila mianzi ilikuwa bado imo kichwani mwake yote, mmoja mmoja.

Na bahati mbaya Jengo C, lililo mbele ya kibanda changu, lilikuwa linakarabatiwa na limefungwa mianzi kuanzia chini hadi juu. Asubuhi ile mafundi walikuja wakaondoa nyavu zilizofunika mianzi ili upepo upite, wakakaza mafundo ya utepe wa nailoni hapa na pale, wakaondoka mbio. Baba aliwatazama kwa hasira.

"Hawa wanafunga mianzi kama wanafunga mboga sokoni," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Ya kumi na saba, kona ile. Imelegea. Sikia inavyogonga."

"Ndiyo, Baba."

"Kumi na saba. Mwambie msimamizi."

"Nitamwambia."

Aliniambia hivyo mara sita, saba. Nilikuwa na sindano mdomoni na mteja kichwani. Nilisikia, sikusikiliza.

Lazima niseme pia habari ya mdogo wangu Wing-cheuk, maana yeye ndiye nilikuwa namwogopa kuliko kimbunga. Baba alikuwa ameshapotea mara mbili. Mara ya kwanza tulimkuta gatini kwa vivuko, mara ya pili karibu na soko la samaki, peku, anauliza watu kazi inaanza saa ngapi. Baada ya ile ya pili Wing-cheuk alikuja akasimama mlangoni kwangu amefunga mikono kifuani.

"Dada Kuen, nisikilize. Akipotea tena mara moja, moja tu, anakwenda nyumba ya wazee. Nimeshaandikisha jina lake."

"Labda nife kwanza."

"Hufi. Unapiga kelele tu."

Si mtu mbaya. Ana mke, watoto wawili, na chumba ambacho lazima ukunje meza ndipo ukunjue kitanda. Lakini alifanya jambo moja lililonikera sana. Alipokuwa anatoka alimpa mlinzi wetu, Mzee Tong, namba yake ya simu. "Akipotea unipigie mimi," akamwambia, mimi nasikia. "Usimpigie huyu. Huyu ataficha." Aliniudhi kwa sababu ananijua.

Saa nane kasoro mchana huo wapiga picha wote walikuwa wamekimbia mvua, isipokuwa mmoja. Huyu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kofia ya kitambaa, fulana yenye mifuko kumi na miwili, amesimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu hasa hasa mbele ya mlango wangu. Kila dakika chache anabonyeza. Tik. Anatulia. Tik. Mteja wangu mmoja alijikwaa kwenye ule mguu wa stendi na suruali zikaingia kwenye dimbwi. Hapo nikatoka.

"We mzee, huna kwenu?"

"Ninako, dada. North Point."

"Sasa kwa nini usikae North Point ukapiga picha chupi za North Point?"

Akacheka, ndiyo ikanitia moto zaidi. "Mwanga wa kabla ya kimbunga hauji kila siku," akasema. "Tazama ukuta ule ulivyokuwa rangi ya papai."

"Rangi ya papai! Nyuma ya papai lako kuna watu wanatafuta kifuniko cha sufuria. Unajua kusoma? Soma kibao."

"Nimekisoma. Nimekuja hapa mara tisa, kila mara nakisoma."

"Basi una moyo wa chuma."

"Nilikuwa dereva wa basi miaka thelathini, dada. Nimetukanwa na mji mzima. Wewe bado unajifunza."

Jina lake lilikuwa Shum, nililijua baadaye. Ningemwacha hapo. Mtu mwenye akili angemwacha. Lakini mimi nikishaanza sijui kusimama, na kusema kweli nilikuwa na hasira ya siku nyingi, ya tambi na miayo na wale elfu tatu, na nikamwagia yeye yote. Nilimweleza habari ya kila mpiga picha aliyewahi kuja Ming Sau. Watu wakatoa vichwa madirishani. Bi Pui-fong wa ghorofa ya tatu akapiga makofi. Nikaona raha. Zilipita kama dakika kumi.

Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu.

Sikushtuka mara moja. Nilichungulia nyuma ya pazia tunapowekea ndoo. Hakuna mtu. Nikatazama kwenye duka la nguruwe, huwa anapenda kusimama pale anuse. Hayupo. Ndipo nikaona droo ya cherehani iko wazi. Lile bunda la utepe mweusi wa nailoni ninaoutumia kwa mikanda ya mabegi halikuwemo. Niliona hivyo, na kichwa changu hakikuunganisha. Nilifikiri mwizi, eti. Mwizi wa utepe.

Nikapanda nyumbani kwanza. Barua zetu zinaandikwa ghorofa ya kumi na nane, Jengo B. Nilifungua mlango, nikaita, nikatazama hadi chini ya kitanda. Nikashuka. Nikakimbia gatini upepo unanipiga mchanga usoni, vivuko vimeshasimama, hakuna mtu ila polisi mmoja anayefunga mnyororo. Nikakimbia soko la samaki. Wauzaji walikuwa wanamwaga barafu. "Baba yako? Leo hajapita, Kuen." Nikarudi. Jasho na mvua sikujua kipi ni kipi.

Mlangoni Mzee Tong alikuwa anapanga mifuko ya mchanga. Angenisaidia, ana funguo za kila mahali na macho mawili ya ziada. Ilitosha kufungua mdomo. Lakini namba ya Wing-cheuk ilikuwa imebandikwa pale pale juu ya meza yake.

"Mzee Sui hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Yuko ndani."

Nikapita. Naona haya hadi leo nikikumbuka wepesi wa lile jibu.

Simu ikalia. Yeye mwenyewe.

"Dada, umesikia? Nane inapandishwa saa kumi. Baba yuko ndani?"

"Yuko. Anakula uji."

"Mpe simu nimsalimu."

"Mdomo umejaa."

"Nasikia upepo. Uko wapi?"

"Dirishani. Nafunga dirisha. Acha maneno, nina kazi."

Nikakata. Simu ikaniponyoka ikaanguka kwenye maji. Niliinama kuiokota, na nilipoinua uso yule mzee wa kamera alikuwa amesimama mbele yangu. Nilikuwa tayari kumtapikia matusi mengine, lakini alinitangulia.

"Dada, yule mzee wa kigoda ni wako?"

"Umemwona?"

"Mimi sijamwona. Hii imemwona," akasema, akainua kamera.

Tuliingia kibandani, tukainamia kile kioo kidogo cha nyuma. Alikuwa amepiga picha mahali pamoja tangu saa saba, kila baada ya dakika chache, ili aone mwanga unavyobadilika. Ukuta wa Jengo C, ule ule, picha baada ya picha. Ngazi za Jengo C zina matundu ya hewa yanayotazama uani, kila ghorofa tundu moja. Bwana Shum akaikuza picha moja kwa kidole. Kwenye tundu la chini kabisa, fulana nyeupe. Picha iliyofuata, tundu la juu yake. Halafu hakuna kitu. Halafu fulana tena, juu zaidi, imesimama, nadhani anapumzika. Baba yangu alikuwa amepanda ngazi polepole mbele ya macho ya kamera wakati mimi nimeipa mgongo namtukana mwenye kamera.

"Ya mwisho ndiyo hii," Shum akasema. "Kama ya tisa, ya kumi. Hapo mvua ikazidi, nikafunika lenzi. Anakwenda kwa nani huko?"

"Hana mtu Jengo C."

"Sasa anafuata nini?"

Nje, juu huko, kitu kilikuwa kinagonga. Ko. Ko, ko. Mwanzi juu ya mwanzi. Nikaitazama ile droo iliyo wazi, na safari hii kichwa kikaunganisha.

"Kona," nikasema. "Ya kumi na saba. Amekwenda kufunga ile kona."

Miguu yangu ilikuwa imeshatoka. Shum akanifuata hadi katikati ya ua, tukapeana namba mbio mbio, akasema atasimama pale na lenzi ndefu, atanipigia akimwona. Lifti ya Jengo C ni ya zamani, inakwenda inawaza. Nikabonyeza kumi na saba. Ilisimama ya tano kumchukua mama mwenye kabichi, ikasimama ya tisa kumshusha. Nilitamani kumsukuma yeye na kabichi lake.

Mlango ukafunguka ya kumi na saba. Korido ndefu, giza, viatu vya watu nje ya milango, vijiti vya ubani mbele ya vihekalu vya mizimu ya mlangoni. Nikakimbia hadi mwisho kwenye dirisha la kona. Limefungwa, na komeo lina kutu ya miaka. Nikapangusa kioo nikachungulia nje: mianzi, maji yanatiririka juu yake, hakuna mtu. Nikaita. Mlango mmoja ukafunguliwa kidogo, jicho likanitazama, ukafungwa.

Simu. Shum. "Dada, siwezi kuona kona vizuri, mvua imezidi. Uko wapi?"

"Ya kumi na saba. Hayupo. Hayupo, kaka." Niliwaza ameshaanguka. Niliwaza yuko chini upande wa pili wa jengo, kwenye uchochoro wa takataka, na hakuna aliyesikia kwa sababu ya upepo. Nikakaa juu ya viatu vya watu.

Na hapo, chini kabisa, nimekalia ndara za mtu nisiyemjua, nikasikia. Ko. Ko, ko. Juu yangu.

Jamani, mimi ni mjinga. Nimezaliwa na yule mzee, nimekula naye miaka yote, na bado nilibonyeza kumi na saba ya lifti. Aliyejenga Ming Sau hakutaka ghorofa ya nne, kwa sababu nne kwetu ni namba ya kifo, wala ya kumi na nne. Akaondoa na ya kumi na tatu kuwafurahisha wazungu. Kwa hiyo namba zinaruka. Sisi sote tumezoea, tunaruka nazo. Baba hakuwahi kuzikubali hata siku moja. "Ghorofa ni sakafu, si namba," alikuwa anasema tangu tulipohamia. "Mwanzi haujui kuruka. Sisi tunakaa ya kumi na tano. Hiyo kumi na nane yenu ni porojo za dalali." Mama alikuwa anamcheka. Watu wa barua walikuwa wanamchukia.

Kumi na saba yake ni ishirini ya lifti.

Sikungoja lifti. Nilipanda ghorofa tatu za ngazi nikijivuta kwa mikono. Korido ya ishirini ilikuwa na upepo ndani, maana dirisha la kona lilikuwa wazi wazi, na chini yake viatu vya Baba vimepangwa, kisigino kwa kisigino, kama alivyokuwa akivipanga siku zote kabla ya kupanda.

Alikuwa nje. Alikuwa amesimama peku juu ya mwanzi mmoja, mguu wa kushoto ameukunja kwenye nguzo, unyayo umeshika, fulana imemganda mwilini, na mikono yote miwili iko huru inafunga. Chini yake ghorofa kumi na saba za hewa. Alikuwa na utepe wangu mweusi meno­ni. Na niseme ukweli: mikono haikuwa inatetemeka. Ile mikono iliyokuwa haiwezi kushika kijiko asubuhi ilizungusha utepe, mara tano, ikapinda, ikachomeka, ikavuta. Mwanzi ukanyamaza.

Nilitaka kulia kwa nguvu. Nikajua nikilia atageuka.

"Mzee Sui," nikasema, kama anavyoitwa kazini. "Ishara nane imepandishwa. Kazi imekwisha, teremka."

Akanitazama juu ya bega lake. Macho safi kabisa, na hanijui.

"Wewe ni wa kampuni gani?"

"Ni mke wa msimamizi."

"Mwambie mumeo watu wake wanafunga mboga."

"Nimeshamwambia. Ameona aibu. Ingia ndani."

"Fundo la mwisho halijavutwa," akasema. "Siondoki fundo halijavutwa."

Hiyo ilikuwa sheria ya kikosi chake. Aliyefunga fundo la mwisho havuti mwenyewe, maana kila mtu hulisifu fundo lake. Anavuta mwingine. Nilipokuwa mdogo alifunga mianzi ya kuanikia nguo jikoni akaniita nivute, nikaning'inia kabisa, miguu juu, na lilishika. Alifurahi sana siku ile.

"Nitavuta mimi," nikasema.

"Vuta kwa uzito."

Nikapanda kwenye kizingiti. Nikajitoa nje hadi kiunoni, mkono mmoja kwenye fremu ya dirisha, mwingine nikaunyoosha. Mvua ilinijaa macho. Simu ilikuwa inalia mfukoni, sijui ni nani kati yao wawili. Vidole vikafika. Nikashika lile fundo na nikavuta kwa uzito wangu wote, na mimi si mwepesi.

Lilishika.

"Haya," Baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyelipwa haki yake. Akatoa mguu kwenye nguzo, akapiga hatua mbili juu ya mwanzi uliolowa, akaingia dirishani kwa wepesi kuliko mimi nilivyoweza kuingia. Akatafuta viatu vyake. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili na sikumwachia hadi tulipofika chini, na njia nzima alikuwa ananiuliza kwa nini mke wa msimamizi hana adabu.

Bwana Shum alikuwa uani, amelowa, kofia imeshachukuliwa na upepo. Alipotuona akaketi juu ya sanduku lake la kamera kama mtu aliyekatwa miguu. Nilimwingiza Baba kibandani, nikamvua fulana, nikamfunika kitambaa cha pazia la mteja. Nikamimina chai ya chupa. Alikunywa ametulia, anautazama ukuta.

"Dada," Shum akasema. "Nina jambo la kukiri. Mvua ilipopungua kidogo nilimwona. Nikakupigia simu, hukupokea. Halafu nikabonyeza. Mara moja tu. Kidole kilinitangulia."

"Umempiga picha baba yangu yuko kule juu?"

"Ndiyo."

"Futa."

"Nafuta. Nimekuja ufute mwenyewe, uone kwa macho yako."

Akanipa kamera. Nilikuwa na kidole juu ya kile kitufe. Lakini kufuta lazima kwanza uone, na nikaona.

Ukuta mzima wa Jengo C, madirisha mamia, mwanga ule wa papai umetokeza chini ya wingu. Katikati ya yote hayo mtu mmoja mdogo mwenye fulana nyeupe, amesimama juu ya mianzi, mgongo umenyooka. Sijamwona Baba mgongo umenyooka hivyo tangu mama afe. Na kando yake, dirishani, kuna mwanamke mnene ametoka nje nusu ya mwili, mkono mmoja hewani. Nilimtazama yule mwanamke kwa muda. Vidole vyake vya mkono wa pili, vile vya kwenye fremu, vilikuwa vitatu tu vimeshika.

Niliogopa wakati ule, si kule juu. Kule juu nilikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kigoda cha Baba, na Shum akanimiminia chai yangu mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa. Nilikuwa nimemdanganya Tong, nimemdanganya ndugu yangu, nimezunguka mji peke yangu ili nisishindwe maneno. Nilikuwa nasema namlinda Baba. Nilikuwa nailinda ile "labda nife kwanza" yangu.

"Unajua kutuma picha kutoka humu kwenda kwenye simu?" nikamwuliza.

"Najua."

"Itume kwenye hii namba."

Nikamwandikia namba ya Wing-cheuk. Chini yake nikaandika mwenyewe: Hakuwa anakula uji. Nilidanganya. Njoo kimbunga kikipita, lete karatasi za nyumba ya wazee.

Alikuja siku ya pili yake, barabara zimejaa matawi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu kumi. Aliuliza tu lile fundo liko ghorofa gani. Aliipanda ile ghorofa ya ishirini ya Jengo C peke yake, akakaa huko nusu saa, akashuka macho mekundu.

"Nimelivuta," akasema. "Bado limeshika."

Tukatia sahihi karatasi juu ya meza ya cherehani.

Nyumba ya wazee iko Chai Wan, chumba cha watu wanne, dirisha lina vyuma. Bwana Shum aliichapisha ile picha kubwa, upana wa mlango, hakutaka hata niseme asante. Alisema matusi yangu ya siku ile yalimkumbusha njia ya basi lake. Bado anakuja uani na stendi yake. Namwekea kigoda. Wenzake wakija nawaambia wasogee, wakamzibie mwingine mlango. Kibao sijakiondoa.

Picha iko ukutani mbele ya kitanda cha Baba. Naenda kila Jumapili na chupa ya mchuzi. Sasa hata mke wa msimamizi si mimi tena, ni mtu tu anayeingia. Wiki za kwanza nilikuwa namwuliza, "Mimi ni nani?" na alikuwa anaona uchungu kwa kukosa jibu, nikaacha. Siku moja nikauliza jambo lingine. Niliinyooshea mkono ile picha, nikasema, "Mzee Sui, nyumbani ni wapi?"

Katika picha ile Jengo B linaonekana pembeni kidogo tu, ukanda mmoja wa madirisha, yote sawasawa. Mimi mwenyewe ilibidi nihesabu mara mbili. Baba aliinuka, akaweka kidole kwenye maduka, akapanda, midomo inacheza, hakuruka hata moja, akasimama penye dirisha letu hasa.

"Hapa. Ya kumi na tano. Nakaa na binti yangu. Mkali sana, lakini anapika vizuri."

Tangu hapo namwuliza kila Jumapili. Juzi muuguzi alikuwa anabadilisha mashuka, na Baba akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia.

"Huyu dada anakuja kila wiki kuniuliza nyumbani kwangu. Nimeshamwonyesha. Anasahau, maskini."

"Basi mwonyeshe tena, babu," muuguzi akasema.

Baba akahema, akanishika kidole, na akaanza kunihesabia kutoka chini, kwenye maduka.